Vidonge vya Seli Kongwe: Wazee wa Fukayosi Wangoje au Wadai?

Ukitoka Bagamoyo mjini kwa barabara ya Msata, ukaipita Makurunge, kabla hujafika kwenye mananasi ya Kiwangwa utaikuta Fukayosi. Ni kata ya wakulima na wafugaji. Hapa hakuna barua ya kustaafu. Mtu huacha jembe siku magoti yanapokataa, na kuanzia siku hiyo anaitwa mzee, awe na miaka 55 au 75. Kwa hiyo habari kwamba zimepatikana dawa za kuondoa mwilini seli zilizozeeka si habari ya matajiri wa Marekani peke yao. Imeshafika vijijini kwetu kwa njia ya simu, na nyuma yake yamefuata makopo ya virutubisho.

Mada ninayoiweka barazani ni hii: mzee wa Fukayosi azinywe dawa hizo sasa, angoje, au aachane nazo? Sauti zinazojibu ni nne, na sikuzipa majina, kwa sababu kila moja inabeba hoja utakayoikuta kwenye kibaraza chochote cha Pwani mazungumzo yakigeukia maumivu ya mwili. Hakuna niliyemweka ili ashindwe.

KIJANA (dereva wa bodaboda, anauza pia virutubisho): Shikamoo bibi. Shikamoo mwalimu.

BIBI: Marahaba mjukuu wangu. Kaa. Makopo yako yaweke hapo chini.

KIJANA: Leo sikuja kuuza, bibi. Nimekuja kujitetea, maana nasikia naambiwa tapeli. Mimi nimesoma. Mwaka 2015 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza kwamba dawa mbili zikichanganywa, dasatinibu na kwesetini, zinaua seli kongwe na kuziacha zilizo nzima. Dawa za namna hiyo wakaziita senolitiki. Mwaka 2018 wakawapa panya wazee, ambao kwa umri wa binadamu tungesema wana miaka 75 mpaka 90. Muda wao wa kuishi uliobaki ukarefuka kwa asilimia 36 kuliko wa wenzao ambao hawakupewa. Na kwesetini imo kwenye kitunguu, si sumu ya kutoka mbinguni. Sasa mtu akiniambia tungoje, nauliza: bibi yangu angoje mpaka lini?

BIBI: Kabla ya kungoja, nielezwe kwanza. Seli kongwe ni kitu gani? Mimi naona mwili wangu wote mkongwe.

MWALIMU (mstaafu, alifundisha baiolojia): Mwaka 1961 kule Philadelphia, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikioteshwa maabara hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Zinasimama lakini hazifi. Hata ndani ya mwili ndivyo ilivyo: seli ikishajigawa sana, au vinasaba vyake vikiharibika, inajifungia isije ikawa saratani. Kwa hiyo mwanzo wake ni wema. Ukiwa kijana, kinga ya mwili huja ikaiondoa. Ukizeeka, uondoaji unalegea na seli hizo zinajikusanya. Shida ndipo inapoanza, bibi, kwa sababu hazikai kimya. Ni kama kinga cha moto kilichosahauliwa mekoni: hakiwaki, hakizimiki, kinafuka tu mpaka waliolala chumba cha pili wanakohoa. Moshi wake ni protini zinazochochea uvimbe na kuzichosha seli jirani. Judith Campisi na wenzake walizieleza vizuri mwaka 2008.

BIBI: Na magotini zimo?

MWALIMU: Zimo. Kwenye goti lililolika, kwenye mishipa ya damu, kwenye mafuta ya tumbo, kwenye mapafu. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic walitengeneza panya ambao seli hizo zingeweza kuondolewa kwa kuwapa dawa maalumu. Ni panya waliozaliwa na kasoro ya kuzeeka mapema. Walioondolewa seli kongwe walichelewa kupata mtoto wa jicho, na misuli yao haikuisha haraka. Mimi nilipoisoma habari ile nilisema hapa pana kitu, na mpaka leo nasema pana kitu.

KIJANA: Mnasikia?

MUUGUZI (wa zahanati, ametoka zamu): Nimesikia habari ya panya. Nataka ya watu.

KIJANA: Ipo pia. Mwaka 2019 wagonjwa 14 wenye mapafu yaliyokakamaa walipewa mchanganyiko huohuo, siku tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Walipopimwa, walitembea mbali zaidi kwa dakika sita, na kuinuka kitini kukawa kwepesi.

MUUGUZI: Wote 14 walijua wamekunywa dawa, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mgonjwa aliyepewa tumaini hutembea vizuri zaidi, hilo naliona kila siku zahanati. Nikwambie la magoti, kwa sababu bibi anauliza magoti. Kampuni ya UNITY ya Marekani iliwachoma wagonjwa 183 wenye magoti yaliyolika. Wengine walichomwa dawa ya kuua seli kongwe, wengine sindano isiyo na dawa. Agosti 2020 majibu yakatoka: baada ya wiki 12 maumivu ya makundi yote mawili yalikuwa yamepungua sawasawa. Dawa haikuishinda sindano tupu.

KIJANA: Dawa moja kushindwa hakufungi mlango.

MUUGUZI: Sikuufunga. Nakupa na lingine. Mwaka 2024 Mayo Clinic haohao walitoa majibu ya wanawake 60 waliokoma hedhi, waliopimwa mifupa kwa wiki 20. Kwa jumla dawa haikupunguza kulika kwa mifupa.

KIJANA: Hapo umeacha kipande, sista. Wale waliokuwa na seli kongwe nyingi kuliko wenzao walionyesha dalili ya kufaidika. Maana yake dawa inafanya kazi kwa anayeihitaji.

MUUGUZI: Nakubali, kipande hicho kipo. Lakini hebu kifuate mpaka mwisho. Kama anayefaidika ni yule mwenye seli kongwe nyingi, kwanza umpime umjue. Kipimo hicho kinatafuta alama kwenye chembe nyeupe za damu, na kinafanyika kwenye maabara za utafiti. Wewe unapima kwa nini? Kwa kile kimashine cha kushika kiganjani kinachodai kusoma mwili mzima?

Kijana alinyamaza hapo, na nadhani alistahili kunyamaza. Kimashine hicho nimekiona kikifanya kazi. Mtu anashika kipande cha chuma, skrini ya kompyuta inaonyesha michoro ya figo na ini, na baada ya dakika chache karatasi inatoka ikiwa na magonjwa yote ambayo kopo lililo mezani linayatibu. Hakuna tone la damu lililotolewa. Mzee anaondoka na hofu ambayo hakuja nayo, na pesa ya ufuta imebaki mezani.

Wakati huo bibi alikuwa anamenya vitunguu kwa ajili ya mchuzi. Mwalimu akaliokota ganda moja jekundu lililodondoka mkekani, akalinyoosha juani.

MWALIMU: Kijana amesema kwesetini imo kwenye kitunguu, na ni kweli. Ila tazameni iko wapi. Nyingi imo kwenye ganda hili na kwenye tabaka za juu, zile nyekundu tunazozitupa kwa sababu ni ngumu. Kadiri unavyoingia ndani kwenye nyama nyeupe, ndivyo inavyopungua. Gramu 100 za kitunguu chekundu zina kama miligramu 30 mpaka 40. Wale wagonjwa 14 wa mapafu walimeza miligramu 1,250 kwa siku. Bibi, ungelazimika kula kilo tatu za vitunguu, pengine nne, kwa siku moja, na bado hujaigusa dasatinibu.

BIBI: Na hiyo dasatinibu inaota wapi?

MUUGUZI: Haioti, bibi. Ni dawa ya saratani ya damu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006. Huko kopo la mwezi mmoja limeuzwa kwa maelfu ya dola. Inaweza kujaza maji pembeni mwa mapafu, inaweza kushusha chembe zinazogandisha damu. Mgonjwa wa saratani anakubali hatari hiyo kwa sababu anachokikimbia ni kibaya zaidi. Mtu anayeumwa magoti hana sababu ya kuikubali. Na kuna la vidonda. Mwaka 2014 ilionekana kwa panya kwamba seli kongwe hujitokeza kwenye kidonda kwa siku chache na kusaidia kifunge. Zikiondolewa, kidonda kinachelewa kupona. Mimi nina wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya miguu. Nikisikia mtu anawauzia dawa ya kufyeka kila seli kongwe, nakosa usingizi.

KIJANA: Mimi siuzi dasatinibu. Nauza kwesetini na fisetini, za mimea.

MUUGUZI: Fisetini ndiyo ile ya stroberi. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa imerefusha maisha ya panya, makopo yakajaa sokoni. Kisha maabara tatu za Marekani zinazoshirikiana kupima dawa za namna hii zikairudia kwa panya wa mchanganyiko wa koo nyingi, na mwaka 2023 zikasema haikurefusha chochote, si kwa madume wala kwa majike. Makopo hayajaondoka. Halafu mgonjwa wangu wa presha akizimeza juu ya dawa zake, mimi sijui nini kinagongana na nini, kwa sababu hata haniambii.

Kijana aliinua kichwa, na alichosema baada ya hapo ndicho kilichonifanya niuandike mjadala huu.

KIJANA: Sawa. Lakini na nyinyi nijibuni hili. Dawa za mseto za virusi vya UKIMWI zilianza kuokoa watu Ulaya na Marekani mwaka 1996. Hapa mpango wa taifa wa kuzitoa bure ulianza mwaka 2004. Miaka minane. Baba yangu alikufa katikati ya miaka hiyo. Waliotuambia tungoje walikuwa wasomi, walikuwa na hoja nzuri, na walikuwa wanasema hatutaweza kumeza dawa kwa saa. Mimi nikisikia neno ngoja, nasikia jeneza. Ndiyo maana nikiona kitu kinachoanza kufanya kazi huko, nataka kifike hapa siku hiyohiyo.

BIBI: Pole, mjukuu wangu.

MWALIMU: Hoja yako nzito, na sitaizunguka. Lakini dawa zile zilikuwa zimethibitika mwaka 1996. Tulinyimwa kitu kilichojulikana. Hizi hazijathibitika kwa mtu yeyote, tajiri wala maskini. Kukimbilia kisichothibitika nako tumekulipia. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Kikombe kile kilisemwa kinaponya sukari, kinaponya UKIMWI, kinaponya presha, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Wengine walifia njiani kabla ya kukifikia.

BIBI: Waliokwenda hawakuwa wajinga, mwalimu. Walikuwa wanaumwa. Na mimi naomba niseme, kwa sababu mnajadili magoti yangu na mimi nipo. Watafiti walipokuja Bagamoyo kwa ajili ya malaria, walitaka watoto. Tuliwapeleka wajukuu zetu, wakatolewa damu, wakachomwa, tukafuatwa mpaka nyumbani miaka na miaka. Leo chanjo ipo, nasikia inatolewa nchi nyingi. Vizuri sana. Lakini mimi tangu nizaliwe hakuna aliyekuja kuniuliza ninazeekaje. Hakuna aliyetaka damu ya bibi. Huyu kijana na makopo yake ndiye mtu wa kwanza kuniuliza magoti yanaumaje. Kama hamtaki ale pesa zangu, njooni nyinyi mniulize.

Hapa naingilia, maana bibi ameligusa jambo ambalo mabingwa wa dawa hizi hawajaligusa.

Anachokisema kuhusu Bagamoyo ni historia iliyoandikwa. Tawi la Taasisi ya Afya ya Ifakara lililoko Bagamoyo lilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S lililoanza mwaka 2009. Kwa Tanzania kituo kingine kilikuwa Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Bagamoyo ikashiriki tena kwenye jaribio la R21, chanjo iliyopendekezwa mwaka 2023. Wilaya hii ina wauguzi wanaojua kumweleza mtu haki yake kabla hajaweka kidole gumba, ina maabara, ina majokofu, ina wazazi wanaojua maana ya kundi la kulinganishia. Ujuzi huo wote umetumika kwa watoto, na ilikuwa haki. Haukutumika kwa wazee.

Na kuna sababu ya kisayansi ya kuanza na wazee wa huku, mbali na huruma. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha habari za wasafiri waliougua malaria wakarudi Stockholm na kutibiwa. Waliwafuatilia mwaka mzima. Baada ya ugonjwa, telomea zao, yaani ncha za kromosomu ambazo hufupika seli inapozeeka, zilikuwa zimefupika, na jeni inayotambulisha seli kongwe ilikuwa imepanda. Shambulio moja la malaria lilikuwa limezizeesha seli za damu yao. Mwaka ulipokwisha, hali ilikuwa imerejea, kwa sababu hawakuumwa tena. Miaka mitatu kabla, baadhi ya watafiti hao walionyesha kwa ndege wanaokuja Afrika kila majira ya baridi kwamba wenye malaria sugu walikuwa na telomea fupi, wakafa mapema, na hata makinda yao yalizaliwa na telomea fupi.

Msafiri wa Stockholm aliumwa mara moja akapata mwaka wa kupona. Bibi wa Fukayosi ameumwa malaria utotoni, akaumwa akiwa na mimba, akaumwa kila masika, na mwaka wa kupona hakuupata. Seli zake zimezeekaje? Jibu halitapatikana kwa wale wanawake 60 wa Mayo Clinic, huko Minnesota. Kipimo kikitengenezwa kwa miili ambayo haijawahi kuumwa malaria, kisha dozi ikapangwa kwa kipimo hicho, tutaletewa dawa iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

MUUGUZI: Mimi nakubaliana na bibi, ila sitaki utafiti uwe kisingizio cha kuacha tunachokijua. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walipimwa watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Majibu yalitoka mwaka 2013: saba kati ya kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Kuipima ni dakika tano. Vidonge vyake ni vya bei ndogo, na tunajua kwa hakika vinazuia kiharusi. Bibi, wewe mara ya mwisho kupimwa ni lini?

BIBI: Mlipokuja kutoa chandarua.

MUUGUZI: Miaka imepita hapo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, dirisha la wazee limeandikwa kwenye hospitali zetu, lakini dirisha halina faida kwa asiyeweza kulifikia. Kwa magoti yako nitakufundisha mazoezi ya misuli ya paja, ya kukaa na kuinuka kwenye kigoda. Hayo yamethibitika kupunguza maumivu ya goti. Na lala ndani ya chandarua. Kama anachosema huyu mwandishi kuhusu malaria ni kweli, basi chandarua kinakulinda na wewe dhidi ya uzee, si mtoto peke yake.

KIJANA: Na mimi mnanifanyaje? Nikiacha makopo, nakula nini?

MWALIMU: Una pikipiki, unajua kila nyumba yenye mzee, na wazee wanakuamini. Zahanati haina hata kimoja katika hivyo vitatu.

MUUGUZI: Kuwaleta wazee kliniki ni kazi inayoweza kulipwa, kama halmashauri ikiipangia fungu. Nitalisema kwenye kikao.

KIJANA: Mkilisema likapita, nitaacha kuuza. Lisipopita, sitawaahidi.

Sitamlazimisha aahidi zaidi ya hapo. Msimamo wangu mimi ni huu. Dawa za senolitiki zinajibu swali la kweli kuhusu mwili, na siku zitakapothibitika nataka zifike Fukayosi mwaka uleule zinapofika Minnesota. Leo hazijathibitika, na anayemuuzia mzee kopo la kwesetini au fisetini kama tiba ya uzee anamuuzia kitu ambacho watengenezaji wake wenyewe hawajaonyesha kwamba kinafanya kazi kwa watu. Wazee wasizinywe. Lakini wasingoje kimya pia. Wadai kupimwa presha na sukari pale walipo, na wadai kuhesabiwa kwenye utafiti.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Afya ya Ifakara na Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo: timu zilizofuatilia watoto wa chanjo nyumba kwa nyumba zipewe orodha ya pili, ya watu wenye miaka 60 na kuendelea. Zianze na presha, na kwa anayekubali, zichukue damu ya kuchunguza namna seli za mtu aliyeishi na malaria maisha yake yote zinavyozeeka. Nawe msomaji, kama mzazi wako anatumia kopo lolote la namna hii, usimfokee. Lichukue, mpeleke nalo zahanati, mwambie muuguzi asome kilichoandikwa nyuma, na kabla hamjaondoka hakikisha amepimwa presha.